Nyumba Haizai Kama Ng'ombe

SWALI: Mimi ni mkulima wa pamba hapa Shishiyu, wilayani Maswa. Mwaka juzi niliuza ng'ombe saba, nikaongeza na fedha ya pamba, nikajenga vyumba sita vya kupangisha, tofali za kuchoma na bati. Kila chumba ni shilingi 20,000 kwa mwezi. Sasa nimeonyeshwa kiwanja Bariadi mjini, na rafiki yangu ananishawishi tujenge Malampaka kwa sababu ya reli mpya. Nataka nyumba izae nyumba, kama ng'ombe wanavyozaana. Shida ni kwamba vyumba viwili vina miezi minne havina mtu, na mpangaji mmoja hajalipa tangu Januari. Kila nikimgongea ananiambia kesho. Wengine wanagombana kila siku kuhusu umeme wa LUKU. Nafikiria kukopa milioni 5 kwa rehani ya nyumba tunayoishi. Mke wangu anasema tusubiri. Nifanyeje? Na huyu asiyelipa, naweza kung'oa mlango wake?
Mwenye vyumba, Shishiyu

JIBU: Ndugu yangu, nianze na mlango, kwa sababu hilo unaweza kulifanya leo jioni ukiwa na hasira. Usiung'oe. Niliwahi kupanga chumba kwa mtu aliyeezua bati la jirani yangu mdaiwa mvua ikiwa inakaribia. Godoro lililowa, watoto wakalala kwa majirani, na deni halikulipwa hata senti. Mwenye nyumba ndiye aliyeanza kuitwa kujieleza, na wapangaji wazuri wakahama mmoja mmoja.

Njia yako ni hii. Mpe barua yenye tarehe na kiasi anachodaiwa, nakala ibaki kwako, na mwenyekiti wa kitongoji ajue. Akikaidi, nenda Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na Maswa lipo. Utaombwa mkataba. Je, unao? Kwa jinsi ulivyoandika, nahofia mlikubaliana kwa mdomo. Kama ndivyo, kwa mpangaji anayefuata andika karatasi moja tu: jina, kiasi, tarehe ya kulipa, notisi ya kuhama ni siku ngapi, na sahihi ya shahidi. Kila anapolipa, mpe risiti hata kama ni shemeji yako.

Sasa nije kwenye ng'ombe, maana hapo ndipo barua yako ilipo hasa. Ng'ombe wako hula majani ya malisho, hunywa maji lamboni, na mwaka ukigeuka kuna ndama. Nyumba hula fedha taslimu, iwe na mtu au haina. Choo hujaa, bati hutoboka, kitasa huvunjika, dalali hudai chake. Hivyo vyumba sita si mitamba sita. Tuhesabu pamoja. Kwenye karatasi unapata 120,000 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka. Lakini viwili havina mtu na mmoja halipi, kwa hiyo wanaolipa ni watatu: 60,000 kwa mwezi. Unaishi na nusu ya mapato unayoyapigia hesabu.

Mkopo wa milioni 5 ukilipwa kwa miaka miwili unadai zaidi ya 208,000 kila mwezi kabla hata ya riba. Vyumba vyote sita vikijaa na wote wakilipa siku ya kwanza, bado hufikishi. Pengo hilo utalijaza na nini? Na pamba? Pamba ina msimu wake na bei yake, wewe huipangi, na benki haisubiri ununuzi ufunguliwe. Kuna jambo lingine ambalo wamiliki wapya hulisahau: kodi ya miezi sita huingia kwa mkupuo, huonekana nyingi, huliwa mwezi mmoja, kisha rejesho la mkopo huja mara tano zaidi mfuko ukiwa mtupu. Usiende pia kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Hao hata mwezi hawakupi.

Kuhusu nyumba mnayolala, mke wako yuko sahihi, na sheria iko upande wake. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ahakikishe ridhaa hiyo ipo. Usimpelekee fomu asaini usiku. Kaa naye, mwonyeshe hesabu hii niliyokuandikia.

Vyumba viwili vitupu vinanisumbua kuliko mdaiwa wako. Miezi minne ni mingi. Umewauliza waliohama? Wapangaji wa kijijini kama Shishiyu mara nyingi ni mwalimu, mhudumu wa zahanati, kijana wa duka, na hao huangalia choo, bafu, maji na utulivu kabla ya bei. Wakiwa wanapigana kuhusu LUKU, mwalimu mpya atasikia siku ya kwanza na kuondoka ya pili. Mita moja kwa vyumba sita ni ugomvi uliojengwa ukutani: mmoja ana friji, mwingine ana taa moja na simu, wote wanachanga sawa. Funga mita ndogo kwa kila chumba, zile mafundi wanaita sabmita, kila mtu aone alichotumia. Fedha ya mita hizo itakurudia haraka kuliko kiwanja chochote.

Bariadi sikukatazi. Ni makao makuu ya mkoa tangu Simiyu ilipoanzishwa mwaka 2012, na watumishi wanaohamishiwa huko wanahitaji pa kulala. Ila nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri ya mji ukaulize kama kiwanja kimepimwa na kwa jina la nani, kabla hujatoa hata shilingi ya utangulizi. Ukinunua nje ya mji, kwenye ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoridhia, na hati ya hakimiliki ya kimila ndiyo kinga yako. Mjini utakutana pia na kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mzigo huo ni wako hata kama tokeni ananunua mpangaji, basi mkubaliane mapema. Ukiweka fremu za biashara, mfanyabiashara anayepanga atakata 10% ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Mdai uthibitisho wa malipo.

Malampaka ni stesheni ya siku nyingi, reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na njia ya reli mpya, SGR ya Mwanza–Isaka, inapita hapo. Lakini tofautisha watu wa ujenzi na watu wa reli. Wajenzi wakimaliza huondoka na mizigo yao, na vyumba vilivyojengwa kwa ajili yao hubaki na popo. Subiri uone nani anabaki, na usishirikiane na rafiki bila maandishi ya nani ametoa nini.

Wazee wa Kisukuma hawakuwaweka ng'ombe wote zizi moja; waliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ugonjwa usimalize mali. Hekima hiyo ni nzuri kwako pia, lakini waliwagawa ng'ombe waliokuwa na afya. Zizi lako la kwanza bado lina wagonjwa watatu kati ya sita.

Kwa hiyo msimu huu usikope. Fedha ya pamba iende kwenye choo, bafu na sabmita, na wewe na mke wako mfungue daftari moja mnaloandika wote. Vyumba sita vikikaa na watu wanaolipa kwa miezi 12 mfululizo, nenda Bariadi kwa fedha yako mwenyewe, na uniandikie tena.