Majina Yapo, Rangi Hazipo: Kurejesha Kategoria za Outlook Baada ya Kuhamia Faili Jipya

Kijitabu kwa makatibu muhtasi, wahasibu, makarani wa masjala na wote wanaopanga kazi zao kwa barua pepe

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Ofisi ambazo kompyuta zake haziwezi kubeba Windows 11 zililazimika kufikiria kununua nyingine, na kila kompyuta inayobadilishwa huleta kazi ya kuhamisha barua pepe. Fundi anakuja, anahamisha, anafungua Outlook, anaonyesha kuwa barua zote zipo, anaondoka. Anayegundua kasoro ni mwenye kiti, kesho yake asubuhi.

Barua zipo kweli. Kilichokosekana ni mpangilio. Kategoria alizojitungia mwenyewe kwa miaka, kama "Inasubiri saini", "LPO imetoka" au "Madai robo ya pili", hazina rangi tena. Akibofya kitufe cha "Categorize" anakutana na kategoria za kiwandani tu, zile zinazoitwa kwa majina ya rangi. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kuanza kupanga upya barua moja moja, kazi ya wiki nzima kwa mtu mwenye barua elfu kadhaa.

Tunakuomba usianze kupanga upya. Na kama kompyuta ya zamani bado ipo, usikubali mtu aifomati leo. Karibu kila mara kategoria hizo zinarudi, na kwa kawaida ni kazi ya muda mfupi.

Kategoria hukaa mahali pawili

Unapoipa barua kategoria, Outlook huandika jina la kategoria hiyo ndani ya barua yenyewe. Huandika jina tu. Rangi haiandikwi humo. Rangi, pamoja na vifupisho vya kibodi kuanzia Ctrl+F2 hadi Ctrl+F12, hutunzwa kwenye orodha kuu ya kategoria, na orodha hiyo ina makazi yake peke yake. Fikiria masjala inayohama jengo: kila jalada limekwenda na muhuri wake, lakini daftari linaloeleza kila muhuri una maana gani limesahaulika kwenye kabati la ofisi ya zamani.

Makazi ya orodha hiyo yalibadilika, na ni vizuri kujua kwa sababu bado kuna ofisi zenye mafaili ya zamani sana. Hadi Outlook 2003 orodha ilikuwa ndani ya rejista ya Windows, yaani ndani ya kompyuta, nje kabisa ya faili la barua. Kuanzia Outlook 2007, toleo lililoleta kategoria za rangi, orodha ilihamishiwa ndani ya faili la data lenyewe. Imefichwa kwenye folda ya kalenda, na kwa matumizi ya kawaida huwezi kuiona. Kila faili la data, na kila kisanduku cha barua, lina orodha yake. Ukifungua mafaili mawili ndani ya Outlook moja, yanaweza kuwa na orodha mbili zisizofanana hata kidogo.

Sasa utaona chanzo cha tatizo. Mtu akihamisha barua kwa kuburuta folda kutoka faili la zamani kwenda jipya, au akitumia kile kisaidizi cha Outlook cha kusafirisha na kuingiza data, vinavyohama ni barua, miadi, anwani na kazi. Orodha iliyofichwa haihami. Hazihami pia kanuni za kupanga barua wala orodha ya watumaji uliowazuia, kwa hiyo ukishamaliza suala la kategoria, kagua na hizo.

Hakikisha majina yamesalia

Kabla ya kurekebisha chochote, jiridhishe kuwa majina yamefika. Fungua kikasha chako, nenda kwenye kichupo cha "View", kisha uamuru barua zipangwe kwa "Categories". Mpangilio huu husoma kilichoandikwa ndani ya kila barua, hauitegemei orodha kuu. Ukiona vichwa vya makundi yako vimejipanga, "Imelipwa" na barua zake chini, "Inasubiri saini" na zake, basi data yako ni salama. Fanya hivyo hivyo kwenye anwani na kalenda. Anwani ndizo husahaulika zaidi, na ndiko mara nyingi mtu amewagawa wazabuni, wanachama au wazazi wa wanafunzi kwa kategoria ili awatumie barua kwa pamoja.

Kuna uthibitisho mwingine. Chagua barua moja ambayo unajua ilikuwa na kategoria, bofya "Categorize", kisha "All Categories". Kwenye dirisha linalofunguka utaliona jina la kategoria yako limewekewa alama ya tiki, na pembeni yake maneno "not in Master Category List". Maneno hayo huwatia watu hofu bila sababu. Yanasema tu kwamba barua hii ina jina ambalo orodha kuu hailijui.

Ukikuta barua hazina hata majina, hali ni nyingine: zilipoteza kategoria njiani, na tiba yake ni kurudi kwenye faili la zamani na kuhamisha tena. Ndiyo maana tumesema kompyuta ya zamani isifomatiwe.

Kuifundisha orodha majina yote kwa mara moja

Funga Outlook kwanza, tafuta faili lako la data lenye mwisho wa .pst, nakili kwenye diski ya nje. Katika Outlook za kuanzia 2010 faili hilo kwa kawaida hukaa kwenye folda ya nyaraka, ndani ya folda iitwayo "Outlook Files". Nakala hii si ya kujifurahisha. Hatua inayofuata hugusa barua zote kwa pamoja, na faili likiwa kubwa umeme ukakatika katikati, utashukuru kuwa na nakala.

Sasa fungua Outlook. Kwenye safu ya folda upande wa kushoto, bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya jina la faili lako, lile lililo juu kabisa ya kikasha. Chagua "Data File Properties". Kwenye kichupo cha "General" kuna kitufe kilichoandikwa "Upgrade to Color Categories". Kibofye na ukubali. Outlook itapita kwenye barua zote, itaokota kila jina ambalo orodha kuu hailijui, na kuliingiza. Kwa faili kubwa huchukua dakika kadhaa, na programu inaweza kuonekana kama imeganda. Iache imalize.

Kitufe hiki hakifahamiki sana, na hilo linasikitisha, kwa sababu kingewaokolea watu siku nyingi. Jina lake limewapoteza wengi: linaonekana kama la kupandisha toleo la zamani, ilhali hufaa kila mara faili linapokuwa na majina yasiyo kwenye orodha. Jua pia kwamba bendera za rangi za ufuatiliaji, zile za Outlook 2003, nazo hugeuzwa kuwa kategoria. Kama barua zako ni za zamani hivyo, usishangae kukuta kategoria ambazo hukuzitunga.

Ikiwa kategoria zako ni nne au tano tu, unaweza kukiacha kitufe hicho. Chagua barua yenye kategoria husika, fungua tena "All Categories", bofya juu ya jina lisilo kwenye orodha, kisha bofya "New", chagua rangi, thibitisha. Kama itabidi uandike jina mwenyewe, liandike kama lilivyo kwenye barua, nafasi kwa nafasi. "Madai robo ya pili" na "Madai robo ya 2" ni kategoria mbili kwa Outlook, na ukikosea utabaki na barua zilizogawanyika makundi mawili.

Rangi za awali

Kitufe hurejesha majina. Hakikuahidi rangi ulizozizoea, kwa kuwa rangi hazikuwa ndani ya barua. Kwa anayefanya kazi peke yake si jambo kubwa. Lakini kwenye ofisi ambako nyekundu maana yake ni malipo yaliyopitwa na wakati, na watu watatu wanasoma skrini hiyo hiyo, rangi iliyobadilika inaweza kumpotosha mtu.

Hapo ndipo faili la zamani linapokufaa. Kwenye Outlook nenda "File", "Open & Export", kisha "Open Outlook Data File", uelekeze kwenye nakala ya faili lako la zamani. Litajitokeza upande wa kushoto chini ya faili jipya. Chagua barua yoyote iliyo ndani ya faili la zamani, kisha fungua "All Categories". Kwa kuwa umesimama ndani ya faili la zamani, dirisha litakuonyesha orodha ya faili hilo, na rangi zake na vifupisho vyake vya kibodi. Piga picha ya skrini, au hata kwa simu. Rudi kwenye barua ya faili jipya, fungua dirisha lilelile, na utie rangi moja baada ya nyingine ukifuata picha. Outlook ina rangi 25, hivyo kama umezidisha kategoria hapo, baadhi zitagawana.

Njia hii haisaidii kwa faili lililotoka Outlook 2003 au kabla yake, maana orodha yake ilibaki kwenye rejista ya kompyuta ile.

Ukihama tena

Afadhali mara nyingine usihamishe barua kabisa, uhamishe faili zima. Funga Outlook, nakili faili la .pst, liweke kwenye kompyuta mpya. Kisha kwenye "Account Settings", kichupo cha "Data Files", liongeze na uliteue kuwa faili la msingi kwa "Set as Default", ufunge Outlook na kuifungua upya. Orodha iliyofichwa itakuwa imekuja nalo. Mwambie fundi mapema, kabla hajaanza, kwa kuwa mafundi wengi wamezoea ile njia ya kusafirisha na kuingiza.

Wanaotumia Exchange au Microsoft 365 wana nafuu: orodha yao iko kwenye kisanduku chao huko kwenye seva, na kompyuta mpya huikuta hapo. Wao hupata tatizo hili wanapoingiza faili la zamani la .pst ndani ya kisanduku hicho. Na maelezo yote ya kijitabu hiki ni ya Outlook ya kawaida ya Windows. Ile inayoitwa Outlook mpya haiyashughulikii mafaili ya .pst kwa ukamilifu huo, kwa hiyo fanya kazi hii yote kwenye ile ya kawaida.

Kompyuta ya zamani

Ukishaona majina na rangi vimekaa sawa kwenye kikasha, kalenda na anwani, ndipo uiachie. Faili la barua pepe lina majina ya watu, namba za simu, ankara na pengine vyeti vya wagonjwa au wanafunzi. Taarifa hizo zinalindwa Tanzania na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Futa faili hilo kwa namna ambayo haliwezi kurejeshwa kabla kompyuta haijauzwa au kugawiwa, na diski uliyobebea nakala ifungiwe kwenye kabati la ofisi.