Kufundisha Swali Lenye Pande Mbili: Kiinua Mgongo cha Wabunge

Katika somo la Uraia, twapendekeza mwalimu wa Kigoma aanze na kisa cha jirani. Mwaka 2011 Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alikataa posho ya vikao, kwa hoja kwamba kuhudhuria Bunge ni kazi iliyokwisha kulipiwa mshahara.

Ndipo darasa liulizwe: je, kiinua mgongo alipwacho mbunge mwisho wa muhula ni haki? Kundi moja litetee: kiongozi asiye na akiba hushawishika upesi kwa rushwa. La pili lijibu: wavuvi wa Kibirizi hulipa ushuru, lakini wengi wao huzeeka bila pensheni.

Tusiwape jibu letu, tuwadai sababu. Mtoto aliyezoea kutoa sababu, kesho atazidai kwa kiongozi wake.