SOMO LA AFYA: UVIMBE WA KIWIKO, TUUJUE NA TUUTIBU

Somo letu la mara hii ni kuhusu uvimbe unaotokea nyuma ya kiwiko. Wengi huudharau, wakisema utaisha wenyewe. Ni kweli mara nyingi huisha. Lakini ukiingiwa na vijidudu unaweza kumlaza mtu kitandani, na kwetu sisi mkono ndio jembe, ndio ndoo ya maji, ndio kibarua. Mkono wa mzazi ukilala, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo tujifunze pamoja.

Kwanza tuelewane neno. Tumetoka sehemu mbalimbali, na wako wanaosema kiwiko wakimaanisha kifundo kilicho karibu na kiganja. Katika somo hili kiwiko ni pale katikati, mkono unapokunjwa. Wengine hupaita kisukusuku.

1. UGONJWA HUU NI NINI?
Kwenye ncha ya kiwiko, kati ya ngozi na mfupa, kuna kifuko chembamba. Ndani yake mna majimaji kidogo sana, ambayo huiwezesha ngozi kuteleza juu ya mfupa. Kifuko kikiumia hutoa majimaji mengi na kuvimba. Uvimbe huwa laini, wa mviringo, pengine mkubwa kama yai la kuku. Kitaalamu huitwa basaitisi.

2. UNASABABISHWA NA NINI?
(a) Kuegemea kiwiko mahali pagumu kwa muda mrefu: mezani, ukutani, au kwenye mkeka uliotandikwa juu ya udongo mkavu. Zamani ulijulikana sana kwa wachimba makaa ya mawe na kwa wanafunzi walioegemea meza.
(b) Kuanguka au kugonga kiwiko.
(c) Vijidudu kuingia kwa njia ya mchubuko au kidonda kidogo cha ngozi.
(d) Magonjwa mengine, kama jongo na baridi yabisi.
Basi tusiseme mtu ametupiwa kitu na jirani. Maneno hayo huvunja ujirani, na mgonjwa hubaki bila matibabu.

3. KUNA AINA MBILI, TUZITOFAUTISHE
Aina ya kwanza haina vijidudu. Uvimbe hauumi sana, ngozi haina joto kali, na mtu bado anaweza kukunja na kunyoosha mkono.
Aina ya pili ina vijidudu. Ngozi huwa ya moto na huuma sana ikiguswa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo tumia mgongo wa kiganja: gusa kiwiko kimoja, kisha kingine, ulinganishe joto. Mgonjwa anaweza kuwa na homa na kutetemeka. Lakini wako wasiopata homa, kwa hiyo kukosa homa si uthibitisho kwamba yuko salama.

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?
Haya ni kwa aina ya kwanza.
- Pumzisha kiwiko. Usikiegemee kabisa. Hili ndilo la kwanza kuliko dawa.
- Ukishindwa kuepuka kukiegemeza, sokota kitambaa kama ngata ya kubebea ndoo kichwani, uweke ncha ya kiwiko kwenye tundu la katikati.
- Weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi ya mtungi kwa dakika 15 hivi, mara tatu au nne kwa siku.
- Unaweza kufunga bendeji, lakini isibane. Vidole vikifa ganzi au kuvimba, ilegeze mara moja.
- Parasetamoli hupunguza maumivu. Ibuprofeni hupunguza maumivu na uvimbe pia, lakini asiitumie mwenye vidonda vya tumbo, mwenye ugonjwa wa figo, wala mama mjamzito, bila kumwuliza mhudumu wa afya.
Uwe na subira. Uvimbe huchukua wiki kadhaa kuisha. Usipopungua, nenda zahanati hata kama hauumi.

5. TUSIFANYE NINI?
Tusitoboe uvimbe kwa sindano ya nguo. Tusichanje kwa wembe, wala tusichome kwa moto. Ngozi ikifunguliwa hivyo, vijidudu huingia, na uvimbe uliokuwa wa aina ya kwanza unageuka kuwa wa pili. Wembe unaotumiwa na watu wengi huweza pia kuambukiza Virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Ikihitajika kutoa majimaji, mganga wa zahanati atayavuta kwa sindano safi, na kuyachunguza.
Tena tusinunue vidonge vya antibiotiki viwili vitatu dukani. Vikitolewa na zahanati, tuvimalize vyote, hata uvimbe ukipungua mapema.

6. NENDA ZAHANATI SIKU HIYO HIYO UKIONA HAYA
- Kiwiko kina joto na maumivu makali, au kinatoa usaha.
- Homa au kutetemeka.
- Uvimbe au wekundu unaopanda mkononi.
- Mkono haukunjiki wala haunyooki. Hapo huenda tatizo liko ndani ya kiungo chenyewe.
- Mtoto au mtu mzima amevimba kiwiko baada ya kuanguka. Huenda mfupa umevunjika.
- Mgonjwa ana kisukari au kinga hafifu ya mwili.
Usingoje kwanza siku ya mgao ipite. Mwombe jirani akushikie nafasi, nawe siku nyingine utamshikia yake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI
1. Tutajuaje kama uvimbe una vijidudu?
2. Kwa nini wembe ni hatari kuliko uvimbe wenyewe?
3. Katika nyumba yetu, ni nani anayeegemea kiwiko mahali pagumu kila siku, nasi tumsaidieje?

Msomeeni somo hili na asiyejua kusoma.