Tusimuingize Mwizi kwa Mkono Wetu: Kuchunga Ordinatere ya Kooperative



Siku zote katika masomo haya tunazungumza juu ya kahawa, mihogo na ndizi. Leo tuangalie ile ordinatere inayokaa mezani kwa sekretere. Ndani yake mna majina ya wamemba, kilo ambazo kila mmoja alileta, madeni ya mbegu na barua za wanunuzi. Mwizi akifika humo, anashika jasho letu la msimu mzima.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kooperative moja ya kahawa ilikosa programu ya kufanya hesabu. Mimi nikaenda mjini, nikanunua flashi yenye programu iliyovunjwa kufuli, ile ya bei rahisi. Niliiingiza, ikatembea vizuri, wote wakanishukuru. Kisha majuma machache mnunuzi akapiga simu: «Sababu gani mmebadilisha namba ya konti ya banki?» Sisi hatukubadilisha kitu. Mtu wa mbali alikuwa anasoma barua zetu, akamwandikia mnunuzi kwa jina letu. Kama yule mnunuzi hangepiga simu, malipo yote ya kahawa yangepotea. Na mlango nilifungula mimi, agronome wenu.

Huyo adui ni nani?

Anaitwa trojani. Jina linatoka katika hadithi ya zamani ya Wagiriki: farasi wa mbao aliyeachwa mbele ya mji wa Troya, watu wa mji wakamvuta ndani wenyewe, kumbe askari wamejificha tumboni. Virusi ya ordinatere inajizalisha yenyewe. Trojani haifanye vile, inangoja ukaribishe. Inavaa sura ya programu nzuri, mchezo au fakture. Ukiifungula, inatoboa mlango wa nyuma, halafu kwa njia ya intaneti inaita bwana wake. Toka pale anaweza kusoma karatasi zako, kuona kila herufi unayoandika, hata kuwasha kamera. Si jambo la jana: mwaka 1998 huko Marekani kundi moja lilionyesha watu wote programu ya namna hiyo, Back Orifice, iliyoweza kuongoza mashini za Windows kutoka mbali.

Sisi wakulima tunaelewa jambo hili haraka. Kumbukeni mnyauko wa ndizi, ulioonekana Masisi mwaka 2001. Unaweza kuupanda wewe mwenyewe, kwa mche unaoonekana mzima. Tena panga ambalo halikupita kwenye moto wala Javeli linautoa shina hili na kuupeleka shina lile. Programu ya bure isiyojulikana ndiyo ule mche. Flashi inayozunguka kila ofisi ndiyo lile panga.

Tufanye nini?

1. Tuache programu zilizovunjwa kufuli. Kama hakuna fedha, LibreOffice inaandika barua na kufanya hesabu, ni ya bure na ya haki. Tuishushe kwenye ukurasa wake wenyewe, si kwenye flashi ya mtu.

2. Kila flashi ipimwe kwanza. Usifungule kitu. Bonyeza upande wa kuume wa mausi juu ya jina la flashi, chagua «Analyser». Windows 10 na 11 zina antivirusi ndani yake, Microsoft Defender, bila malipo.

3. Angalia mwisho wa jina. Windows inaficha mwisho huo. Agiza ionyeshe «Extensions de noms de fichiers». Karatasi inayoitwa «facture.pdf.exe» si fakture, ni programu. Usiibonyeze, hata kama imetumwa na rafiki.

4. Fanya konti mbili ndani ya ordinatere. Moja ya mkubwa, kwa kuingiza programu tu. Ya pili ya kazi ya kila siku, isiyo na ruhusa hiyo. Neno la siri la konti kubwa lisiandikwe ukutani.

5. Weka mega kwa ajili ya matengenezo ya Windows. Yanaziba matundu. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na matengenezo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma Oktoba 2025. Usizime antivirusi wala pare-feu, hata kama programu mpya inakuomba uzizime. Programu inayoomba mlinzi alale, iogope.

6. Kila juma, nakili hesabu kwenye diski ya pembeni, kisha uichomoe na kuifungia kabatini.

7. Namba ya banki haibadilishwe kwa barua peke yake. Tupatane na mnunuzi: kwanza apige simu kwenye namba anayoijua tangu zamani.

Na kama imekwisha kuingia?

Dalili ni kama hizi: mega zinaisha bila sababu, mausi inatembea yenyewe, antivirusi imezimwa na hakuna aliyeizima. Lakini trojani yenye akili haionyeshe dalili yoyote. Ukiwa na shaka, kata intaneti mara moja. Kwa mashini nyingine iliyo safi, badilisha maneno ya siri ya barua na ya banki. Julisha banki na wanunuzi siku ile ile. Haya isikuzuie, kunyamaza ndiko kunakula fedha. Kisha pima mashini yote. Shaka ikibaki, okoa karatasi zako bila programu hata moja, upange Windows upya, sawa vile tunavyong'oa shina lenye ugonjwa ili shamba lipone.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu:

– Flashi ngapi zinaingia katika ordinatere yetu kwa juma, na zinatoka wapi?
– Nani anajua neno la siri la konti kubwa?
– Mashini ikiibwa usiku huu, kesho tutajua kilo za kila memba?

Kama jibu la swali la mwisho ni «hapana», anzeni na namba 6, leo hii.