Behewa la Vifurushi pale Stesheni ya Bodiam, Uingereza

MJUKUU: Babu, wenzetu wote wako kwenye injini. Mbona wewe umeganda kwenye behewa hili la mbao?

BABU: Tazama milango yake ilivyo mipana, mjukuu wangu. Liliundwa Ashford mwaka 1919, la kubebea vifurushi. Na lina breki anazozitawala dereva, kwa hiyo liliruhusiwa kufungwa kwenye treni ya abiria na kwenda mwendo uleule. Mabehewa mengi ya shehena ya Uingereza enzi hizo hayakuwa nazo, yalijikokota.

MJUKUU: Basi lilibeba mizigo ya wasafiri tu.

BABU: Mizigo, ndiyo. Lakini Mei 1919, likiwa bado jipya, lilipakiwa jeneza la Edith Cavell pale Dover.

MJUKUU: Yule nesi aliyeuawa na Wajerumani?

BABU: Ndiye. Walimpiga risasi Brussels, Oktoba 12, 1915, kwa kuwasaidia askari kutoroka. Julai mwaka uleule wa 1919 likamleta nahodha wa meli Charles Fryatt, naye aliyepigwa risasi na Wajerumani. Kisha Novemba 10, 1920, likambeba Askari Asiyejulikana, mwanajeshi wa Uingereza asiyetambulika aliyefia Vita vya Kwanza vya Dunia, kutoka Dover hadi stesheni ya Victoria, London. Paa lilipakwa rangi nyeupe ili watu waliojipanga kandokando ya reli walitambue likipita. Kesho yake akazikwa Westminster Abbey.

MJUKUU: Taifa zima linalia, halafu maiti inawekwa kwenye behewa la vifurushi?

BABU: Ungeiweka wapi? Behewa la abiria lina vyumba na viti. Jeneza utalipitishaje na wachukuzi wake? Hapa mlango unatosha na sakafu ni tupu. Hata Churchill, Januari 30, 1965, alitolewa Waterloo kwenda kuzikwa akiwa ndani ya behewa la mizigo lililoundwa 1931. Lile likauzwa, likapelekwa California kwenye uwanja wa gofu, hadi liliporudishwa Uingereza mwaka 2007.

MJUKUU: Na hili?

BABU: Lilirudi kubeba vifurushi. Baadaye likageuzwa kuwa la kazi za ndani za reli, kama ndugu zake wengi waliomalizikia kuwa stoo. Reli hii ya Kent and East Sussex ililinunua 2004, na ukarabati ukakamilika 2010. Nawashukuru sana. Injini hupata wapenzi kila siku, ila behewa la namna hii huvunjwa kabla hajatokea wa kuuliza lilimbeba nani.

MJUKUU: Tunaweza kuingia?

BABU: Tuingie. Ndani kuna maonyesho juu ya hao liliowabeba. Anza na habari za Fryatt. Huyo ndiye watu wanayemsahau.