Somo la 31. Kwa baisikeli katika vilima vya chai

Mvua ikinyesha juu ya mlima, maji yake huenda wapi? Mtoto wa Bukavu atajibu upesi: «Hushuka ziwani.» Amesema vema, lakini si kila mara. Si mbali nasi kuna mgongo wa milima ambako tone moja la mvua hushuka kuja Kongo, na tone jirani yake hushuka kwenda Misri. Katika likizo ya Pasaka ya mwaka 2018 tulikwenda kupaona mahali pale, sisi watu tisa, kwa baisikeli. Njia yenyewe hupita kati ya mashamba makubwa ya chai. Nitawaeleza safari ile, pamoja na namna ya kupanda na kushuka milima kwa baisikeli mkiwa wengi. Neno hilo la mwisho tulijifunza kwa kosa, na kosa lilikuwa langu.

Tulikuwa vijana saba wa sekondari, mwalimu mmoja, na mimi Furere wao, mzito kuliko wote. Baisikeli zetu, au kinga kama wengi kwetu wanavyoziita, zilikuwa za namna mbili. Mbili tu zilikuwa na meno ya kubadilisha. Ukiweka mnyororo juu ya gurudumu dogo la meno pale penye pedali, miguu huzunguka mara nyingi na baisikeli huenda polepole, lakini mlima huwa mwepesi. Zile saba nyingine zilikuwa nyeusi na nzito, za kubebea mizigo, zenye mwendo mmoja tu. Juu ya baisikeli ya namna hiyo, mlima ukizidi unashuka na kusukuma. Si haya. Katika Rwanda utaona kila siku watu wazima wanaosukuma kinga zenye magunia ya viazi au mikungu ya ndizi, na hakuna anayewacheka.

Tuliondoka Bukavu saa kumi na mbili asubuhi, karatasi zetu za njia mkononi. Tukavuka daraja la mto Ruzizi, tukafika Kamembe. Mto huo ndio unaotoa maji ya ziwa Kivu na kuyapeleka kusini mpaka ziwa Tanganyika. Mshike jina lake, tutarudi kwake.

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari. Barabara ya lami tuliyoifuata hupanda hata kupita mita 2,400 ndani ya msitu wa Nyungwe. Lakini haipandi kama ngazi, hatua kwa hatua. Hupanda, hushuka, hupanda tena, hata mtu huona uchungu kupoteza kilima alichokwisha kukilipa kwa jasho.

Siku ya kwanza tuliwaacha vijana waende kila mmoja kwa nguvu zake. Wenye nguvu walitutangulia, wakafika juu ya kilima, wakakaa kutungoja. Walipokuwa wakingoja, jasho likawakaukia mwilini na miguu ikakakamaa. Mdogo wetu, aliyekuwa wa mwisho siku zote, alipofika akihema, wale wengine wakasimama mara moja, wakapanda baisikeli, wakaenda. Basi aliyehitaji kupumzika kuliko wote hakupumzika hata kidogo. Yapata saa nane, karibu na Ntendezi, akatapika kando ya barabara. Hakusema neno. Mwalimu akamchukulia mzigo wake, tukaenda kwa miguu mpaka mtelemko uliofuata.

Hapo chai ilikuwa imekwisha kuanza. Asiyepata kuiona hudhani chai ni majani kama ya bustani. Sivyo, chai ni mti. Ukiuacha wenyewe utakua kupita kimo cha nyumba. Lakini wakulima huukata ubaki kimo cha kiuno, nao hutoa matawi mengi upande kwa upande, hata shamba zima likawa kama meza ya kijani iliyolazwa juu ya vilima. Mama mmoja aliyekuwa akichuma akanisalimu: «Yambo, Padri!» Nikamwambia mimi si padri, ni Furere. Akacheka, akasema: «Basi, Furere, njoo uone kazi.»

Akatuonyesha kwamba hawachumi majani yote. Huchuma ncha tu: chipukizi ambalo halijafunguka na majani mawili yaliyo chini yake. Jani la tatu ni gumu, huharibu chai. Baada ya siku saba hadi kumi na nne ncha mpya zimekwisha kutoka, nao hurudi kwenye mti uleule. Hutupa majani nyuma katika kikapu cha mgongoni, na jioni hupimwa kwa kilo. Yapata kilo tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Fikirini basi ni vidole vingapi vimepita juu ya paketi moja iliyo dukani.

Majani yaliyochumwa hayangoji. Yakilundikwa hupata moto ndani na kuharibika, kwa hiyo ni lazima yafike kiwandani siku ileile. Ndiyo sababu viwanda hujengwa katikati ya mashamba, kama vile vya Shagasha na Gisakura kwenye njia yetu. Kiwandani huyatandaza yanyauke kwa saa nyingi, kisha huyakatakata na kuyasaga. Yakisagwa na kupata hewa hugeuka rangi, kutoka kijani kuwa ya shaba. Ndipo huyakausha kwa hewa ya moto sana, na kugeuka huko hukoma. Hivyo chai nyeusi na chai ya kijani hutoka katika mti mmoja. Tofauti ni kwamba majani ya chai ya kijani hupashwa moto mapema, mbele ya kugeuka rangi. Kijana mmoja hakusadiki, akabishana nami mpaka usiku.

Sababu gani chai hupandwa milimani? Yataka mvua nyingi katika miezi mingi, na baridi kidogo. Yataka pia udongo mchachu, ambao maharagwe hayaupendi. Tena mizizi yake huchukia maji yaliyosimama. Juu ya mteremko maji hupita yenyewe. Kweli, Mulindi, upande wa kaskazini wa Rwanda, ambako chai ilianza kulimwa mwaka 1952, iko bondeni, lakini pale watu walichimba mifereji ili kukausha udongo. Kwetu Kivu ya Kusini pia chai yapandwa, kama kule Mbayo.

Tukalala Gisakura. Usiku ule mwalimu na mimi tukabadili mpango. Kesho yake tulimweka mdogo wetu mbele ya wote, kisha wale wachovu, na kijana mwenye nguvu kuliko wote tukamweka nyuma kabisa. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wetu, tukampa pompa, gundi, viraka na mzigo mkubwa. Amri ilikuwa moja: hakuna anayempita mtu wa mbele. Vijana walinung'unika. «Furere, tutafika lini kwa mwendo huu wa kinyonga?» Tulifika mapema kuliko nilivyotazamia. Hatukusimama kumngoja mtu, na huyo mdogo, akiona wote wako nyuma yake, alipanda kwa mwendo wake bila kukimbizana na pumzi. Mara mbili alishuka kusukuma, na wote tukashuka pamoja naye. Kamyo moja ikapita, na kijana asiyekuwa wetu ameishika nyuma kwa mkono avutwe juu ya mlima. Mmoja wa vijana wetu akamtazama kwa tamaa. Nikamwonyesha magurudumu ya nyuma ya kamyo ile, hatua moja tu kutoka gotini pa yule kijana.

Mashamba ya chai hukoma ghafula kama nguo iliyokatwa kwa mkasi, na msitu wa Nyungwe huanza. Mwaka 2023 UNESCO iliuandika msitu huo katika orodha ya urithi wa dunia. Humo ndani ni baridi, ukungu umeshika miti, na kima weusi wenye ndevu nyeupe hukaa kando ya lami wakitazama wapitaji. Yapata saa sita tukafika juu ya mgongo wa milima, ugawapo maji.

Hakuna cha kushangaza kwa macho, ni barabara na miti tu. Lakini sikilizeni. Maji yanayoshuka upande wa magharibi huingia ziwa Kivu au mto Ruzizi, kisha Tanganyika. Hutoka Tanganyika kwa mto Lukuga, karibu na Kalemie, huingia Lualaba, na Lualaba ndio mto wetu Kongo, unaomwaga maji katika bahari ya Atlantiki. Maji ya upande wa mashariki huingia Rukarara, kisha Mwogo, Nyabarongo, Akagera, ziwa Victoria, na mto Nile mpaka bahari ya Mediteranea. Mwaka 2006 wasafiri waliopanda Nile kutoka baharini, wakitafuta chanzo chake cha mbali kabisa, walifika katika msitu huu. Mdogo wetu akamimina nusu ya maji ya chupa yake upande huu wa barabara, na nusu upande ule. Mwalimu akamwambia: «Sasa utakunywa nini?»

Ndipo mvua ikanyesha, mvua ya mwezi wa nne, nzito.

Kupanda huchosha tu, lakini kushuka huua. Freni za baisikeli zetu ni vipande vya mpira vinavyobana ukingo wa gurudumu, yaani janti. Siku ya jua, ukizibana kwa muda mrefu, janti hupata moto hata haigusiki. Siku ya mvua maji hukaa kati ya mpira na janti, na freni hazishiki upesi. Yakupasa kuanza kubana mbali, taratibu, ili mpira upanguse maji kwanza, kisha ndipo hushika. Punguza mwendo mbele ya kona, si ndani ya kona. Tumia freni zote mbili. Ukibana ile ya mbele peke yake kwa nguvu, baisikeli itakurusha juu ya usukani. Kaa upande wako wa kulia, na acha nafasi ya hatua thelathini kati yako na wa mbele.

Haya yote nilikuwa nimewaambia. Tena asubuhi nilikagua freni za baisikeli zote, ila moja. Ya fundi sikuitazama, kwa sababu yeye ni fundi. Naye alikuwa ametengeneza za wenzake hata usiku, yake akaisahau. Mipira ya freni zake ilikuwa imekwisha, na nyuma alibeba mzigo wa watu wawili.

Tulikwisha kutoka msituni na kuingia tena katika chai, nikasikia sauti nyuma: «Njia! Njia!» Akatupita mmoja mmoja, miguu yake ikiburuta juu ya lami. Mbele yake kulikuwa na kona, na ng'ambo ya kona bonde. Sikuweza kufanya lolote ila kupiga kelele, na kelele haina mkono. Yeye aliona kinjia cha udongo kilichopanda kuingia shambani, kile wapitapo wachumaji. Akakikata, akapanda nacho, mwendo ukapungua, akaanguka kati ya miti ya chai. Miti ile imeshikana sana, ikampokea kama godoro la miiba.

Tulimkuta amekaa, kiwiko kinatoka damu, gurudumu la mbele limepinda kama jani kavu. Alilia. Si kwa maumivu, nadhani, maana alirudia neno moja: «Furere, miti ya watu.» Kweli miti mitatu ilikuwa imevunjika matawi. Msimamizi wa shamba akaja amekasirika, na alikuwa na haki. Mti wa chai huchukua miaka kama mitatu mbele ya kuchumwa vizuri, kisha huweza kutoa majani miaka hamsini na zaidi. Nikamwambia kosa ni langu, na kwamba nitalipa. Akainama, akaitazama mizizi, akaitikisa kwa mkono. Haikung'oka. Akasema kila baada ya miaka michache wao wenyewe huikata chai karibu na udongo, nayo huchipuka upya, basi na hii itakatwa mapema kidogo. Fedha hakutaka. Aliomba mmoja wetu ashike matawi alipokuwa akiyakata kwa kisu, na fundi wetu akayashika kwa mkono wake mzima.

Tulirudi polepole, tukisukuma baisikeli ile kwa zamu, gurudumu la mbele limeinuliwa. Tukalala Kamembe, kesho yake tukafika darajani. Mdogo wetu akasimama katikati ya daraja, akauliza kama nusu ya chupa yake imekwisha kupita hapa. Mwalimu akapiga hesabu kichwani, akasema bado. Fundi hakutazama maji. Alikuwa amepiga magoti, anakagua freni zetu zote nane, na yangu aliianza.

Maulizo. Ruzizi hutoa maji ya ziwa gani, na huyapeleka wapi? Mchumaji huchuma sehemu gani za mti wa chai, na sababu gani huacha jani la tatu? Siku ya pili nani aliwekwa mbele, na nani nyuma? Eleza kwa nini freni hazishiki upesi siku ya mvua. Taja mito ambayo tone la upande wa mashariki hupita mpaka baharini. Tazama freni za baisikeli iliyo karibu na kwenu: mipira yake ingali minene?