Ua Linalotangulia Mvua



Siku mliyofunga ndoa kanisani huenda mlisomewa sehemu ya Wimbo Ulio Bora, pale ambapo mwanamume anakuja akirukaruka juu ya vilima kumwita mpenzi wake. Ni mojawapo ya masomo ambayo Kanisa limeyaweka kwa ajili ya Misa ya ndoa. Lakini ukifungua Biblia yako nyumbani, sura ya 2, utaona kwamba somo la siku ya ndoa huruka aya tatu. Kutoka aya ya 10 linakwenda moja kwa moja hadi aya ya 14. Na maua yamo humo humo katika aya zilizorukwa! Mwanamume anamwambia mwenzake kwamba majira ya baridi yamepita, mvua imekwisha, maua yameonekana katika nchi na mizabibu inanukia. Kwa hiyo ainuke waende pamoja.

Leo tujifunze aya hizo tatu. Kwa maoni yangu zinawafaa zaidi watu waliokaa katika ndoa miaka kumi au ishirini kuliko maarusi.

Msomaji wa Homa Bay au Migori atakwama mara moja. Mvua imekwisha, halafu maua yanatokea? Kwetu mvua ikiisha ni vumbi. Basi tuelewe nchi ya Biblia. Huko Palestina mvua hunyesha wakati wa baridi, kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili. Jua likianza kupata nguvu, vilima hujaa maua kwa muda mfupi kabla ya kiangazi kuyakausha. Watu wa Ulaya nao wana majira yao ya kuchipua, baada ya theluji. Sisi tunakaa karibu na ikweta: mji wa Homa Bay uko kusini yake kwa nusu digrii tu, na mji wa Migori kwa digrii moja. Jimbo letu la Homa Bay, lililoanzishwa mwaka 1993 na ambalo linashika kaunti zote mbili, halijui theluji. Linajua oro na chwiri, yaani kiangazi na masika. Kwa hiyo tukitaka kujua majira yetu ya baridi ni yapi, tutazame Januari na Februari.

Mnajua wenyewe hali ya nyumba nyingi wakati huo. Krismasi imekwisha, na pesa zimekwisha nayo. Shule zimefunguliwa, karo inadaiwa. Mahindi ya ghalani yanapungua na bei sokoni inapanda. Mama anatembea mbali zaidi kutafuta maji kwa sababu kisima cha karibu kimekauka. Baba ameondoka: mmoja yuko ziwani upande wa Mbita au Sindo, mwingine amekwenda kuchimba dhahabu Macalder, mwingine yuko Nairobi na simu haipokelewi. Akirudi, hakuna neno zaidi ya "Umeleta nini?" na "Nilichoacha kimekwenda wapi?" Ni katika miezi hii, kwa jinsi nionavyo katika jumuiya zetu ndogo ndogo, ambapo neno "tumeshindwana" husikika zaidi.

Sasa, katikati ya ukavu huo, tazama kando ya njia. Kuna mti ambao Wajaluo huuita orembe, na jirani zetu Waluhya murembe. Si mti wa sura nzuri. Gome lake ni nene, limepasukapasuka, na lina miiba. Kiangazi kikikaza hupukutisha majani yake ukabaki kama mifupa. Mgeni atasema umekufa, ukatwe uwe kuni. Halafu, kabla ya masika kuanza na kabla ya majani kurudi, ncha za matawi hutoa maua mekundu kama makaa ya moto. Ndege chozi huja kufyonza utamu wake wakati ambapo mahali pengine hakuna kitu. Majani huja baadaye.

Ua hilo limetoka wapi, na ardhi imekauka? Limetoka katika akiba. Wakati wa mvua zilizopita mti uliweka chakula chake katika shina na mizizi, mahali ambapo jicho halioni.

Ninyi nanyi mna akiba. Kuna siku mlilala katika nyumba ya udongo isiyo na mlango imara, mkacheka. Kuna mtoto aliyeugua, mkapokezana kumbeba usiku kucha hadi hospitali. Kuna wakati, Baba, ulimwita mke wako kwa jina la kwao, Nyar Gwasi au Nyar Kanyamkago, kwa sauti ya kumsifu mbele ya watu. Siku hizi unamwita "wewe". Na wewe Mama, ulikuwa ukimwambia Wuon Akinyi habari za siku nzima. Siku hizi unawaambia jirani. Mambo hayo mema hayakufutika. Na juu ya hayo iko akiba kubwa zaidi, ambayo hamkuiweka ninyi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inafundisha katika namba 1642 kwamba Kristo hukaa pamoja na wanandoa, akiwapa nguvu ya kuchukua msalaba wao, ya kuinuka baada ya kuanguka na ya kusameheana. Neema ya sakramenti haikumalizika pamoja na wali wa harusi.

Katika Biblia pia uko mti wa namna hiyo. Mungu alipomwita Yeremia alimwuliza anaona nini, naye akajibu kwamba anaona tawi la mlozi. Mlozi ni mti unaotangulia mingine kuchanua katika nchi ile, nao pia huchanua kabla ya majani kutoka. Kwa Kiebrania huitwa shaked, na neno la kukesha au kuangalia ni shoked. Ndipo Mungu akamwambia nabii kwamba Yeye anaangalia neno lake ili alitimize. Unaona jinsi Mungu alivyocheza na maneno ili mtumishi wake aelewe! Haya, ni neno gani lililosemwa juu ya nyumba yako? Lilisemwa mbele ya altare, na mashahidi wawili wakatia sahihi. Mnaweza kulisahau ninyi wawili. Yuko anayekesha juu yake.

Mwingine atasema, "Katekista, kwetu hakuna hata ua moja." Huenda ni kweli kwa macho. Lakini kuna kitunguu cha porini ambacho watoto wachungaji wanakijua. Wakati wa kiangazi huoni jani lake wala shina lake. Unaweza kupita juu yake kila siku ukienda mtoni. Mvua za kwanza zikinyesha, kinasukuma juu ua jekundu la mviringo kama mpira. Hakikupandwa wiki hiyo. Kilikuwa chini muda wote.

Jirani zetu wa Kisii wanaolima kahawa nao watakueleza jambo la ajabu. Mbuni huweka vichipukizi vya maua, navyo hulala. Bila kipindi cha ukavu havifunguki vizuri. Vikishapata ukavu huo, mvua ya kwanza huviamsha, na baada ya wiki moja au siku kumi hivi shamba zima huwa jeupe na kunukia. Nawaambieni hili kwa uangalifu. Sisemi kwamba Mungu anawatumia taabu ili mchanue. Wahubiri wengine husema hivyo upesi mno, tena mbele ya mama aliyezika mtoto. Nasema tu kwamba kiangazi katika ndoa si ushahidi kwamba ndoa imekufa.

Tuje sasa kwenye swali gumu: nani aanze?

Wazee wetu walikuwa na desturi ya golo kodhi, yaani kutoa mbegu, na ziko boma zinazoishika hadi leo. Mwenye boma na mke wake mkubwa ndio wanaoanza kupanda, kisha wana wao kwa kufuatana. Bwana na bibi walitakiwa kuwa pamoja katika usiku wa kuamkia siku hiyo. Aliyevunja utaratibu aliogopa chira. Ndani ya desturi hii naona jambo jema: mbegu isiingie ardhini huku wenye shamba hawasemezani. Lakini imo pia hofu, na Kristo ametuweka huru mbali na hofu. Tena hasara yake tunaijua. Mama amekaa na mbegu ndani ya debe, mvua nzuri ya Machi inanyesha, naye anamngoja mzee aliye mbali, au shemeji mkubwa ambaye hajaanza. Siku anapopata ruhusa, masika yamefika nusu.

Hata wale waliokwisha kuacha golo kodhi shambani wanaishika bado moyoni. "Yeye ndiye aliyenikosea, na aanze yeye." "Mimi ni mwanamume, siwezi kumwangukia mwanamke." "Nimeanza mara tatu, safari hii ni zamu yake." Kila mmoja ameshika mbegu yake, na mvua inapita. Orembe haungoji. Mtakatifu Paulo anawaandikia Warumi, katika sura ya 5, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa bado wenye dhambi. Hakungoja tuombe msamaha kwanza. Katika kupatana hakuna mke mkubwa wala mwana mdogo. Aliye karibu na mbegu apande.

Na ua la kwanza si lazima liwe kubwa. Baba, chukua ule mtungi wa maji mkono mmoja kabla hujaombwa. Piga simu jioni, bila kuulizia mbuzi wala pesa, uliza tu kama amepumzika. Mama, mwekee kiti karibu na wewe wakati wa kula omena, badala ya kumtumia sahani kupitia mtoto. Mweleze mwenzako ukweli wa deni moja lililofichwa. Hayati Papa Fransisko, katika wosia wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alitukumbusha maneno matatu ya nyumbani: naomba, asante, samahani. Sisi wanaume wa huku la kwanza tunaliweza wakati wa njaa. Lile la tatu tunalimeza pamoja na ugali.

Kuna tahadhari mbili. Mkulima mzoefu hamwagi mbegu zote kwa mvua moja ya Februari, kwa maana mvua hiyo mara nyingi hudanganya. Vivyo hivyo, mwenzako akikusalimu vizuri kwa juma moja, usidai siku hiyo hiyo kwamba mambo ya miaka mitano yasahaulike. Liache ua liwe ua. Matunda yana wakati wake.

Tahadhari ya pili ni nzito zaidi. Niliyoandika hapa yanahusu ukavu. Hayahusu nyumba ambamo mtu anapigwa. Dada unayepigwa, au ndugu ambaye maisha yako au ya watoto yamo hatarini, asikuambie mtu kwamba ukae ukingoje maua, hata akiwa mzee wa kanisa. Sheria ya Kanisa yenyewe, katika kanuni ya 1153, inakubali kwamba mwenzi anayesababisha hatari kubwa kwa roho au mwili wa mwenzake au wa watoto humpa sababu halali ya kuondoka. Nenda mahali salama kwanza, kisha zungumza na Baba Paroko na wenye mamlaka.

Kwa ninyi wengine, kalenda ya Kanisa inatusaidia sana hapa kwetu. Kwaresima huanza huku nyasi zimekauka, na Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, wakati masika yanaingia. Wakati mwingine padre anabariki maji ya ubatizo usiku wa Kesha la Pasaka huku mvua inapiga mabati hata hamsikii sala. Usiku huo sote tunarudia ahadi za ubatizo. Mkifika nyumbani, watoto wakishalala, rudianeni na ahadi za ndoa, ninyi wawili tu. Msipokumbuka maneno yote, semeni mnayoyakumbuka.

Na kabla ya hapo, katika juma la mwisho la ukavu, fanyeni kazi moja ya mikono pamoja. Orembe huota kwa tawi, ndiyo maana watu huupanda kwenye mipaka ya shamba. Tafuteni tawi zima lenye unene wa mkono, mlikate, mliache kivulini siku chache hadi jeraha likauke. Mvua ikianza, chimbeni shimo. Mmoja ashike tawi, angalieni miiba, mwingine ashindilie udongo. Zuieni mbuzi wasifike hapo mwaka wa kwanza. Na mti ukija kuzaa, waambieni watoto wasile zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, maana zina sumu.